Glezi Iliyorudi Masanze

Jumanne saa nne asubuhi, Mwalimu Wenceslaus alikuwa amesimama juu ya benchi katika ghala la ushirika la Masanze, akifunga shuka jeupe kwenye boriti ili picha za projekta zionekane. Alipokaza fundo la mwisho, umeme ukakatika. Wanawake ishirini na wawili waliokaa kwenye mikeka wakamtazama akishuka, akijipangusa vumbi magotini, akifungua mkoba. Alikuwa mtu wa kujiandaa, na chaki alikuja nazo pakiti nzima.

Alitoka chuo kimoja cha Morogoro, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akifundisha kemia ya glezi, kisha kuzunguka mijini akiwaeleza wasomi wenzake jinsi alivyofundisha vijijini. Glezi, aliwaambia, ni ile ngozi ya kioo inayofunika kikombe au bakuli la dukani, inayokifanya chombo kisinywe maji wala kisinuke samaki wa jana. Wanawake wa Masanze walifinyanga tangu enzi za bibi zao, na vyungu vyao vilinuka samaki wa jana, kwa hiyo walimsikiliza vizuri.

"Glezi ni familia ya watu watatu," alisema Wenceslaus, akichora. "Baba ni silika. Huyu ndiye kioo chenyewe, yumo kwenye mchanga na kwenye majivu. Ni mgumu, hayeyuki ovyo. Mama ni alumina, yumo kwenye udongo. Kazi yake ni kumshika baba asitiririke mpaka chini ya tanuri. Halafu kuna mjomba, kiyeyushi. Mjomba akishafika, baba analegea."

"Na mama anaendelea kushika tu?" aliuliza Hildegarda, mwenyekiti wa kikundi, ambaye alikuwa amezika waume wawili.

"Anaendelea kushika, mama."

Hildegarda akaandika hivyo kwenye daftari. Hakuona jambo geni hapo.

Mjomba wa Wenceslaus alitoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa kilo mbili. Ulikuwa unga mweupe, laini, na ulipokwisha hapakuwa na mwingine. Tena siku ya kuchoma haukuelewana na udongo wa Masanze. Mabakuli yalitoka tanurini yana magamba ya kukwaruza, sawasawa na ukoko wa ugali. Wenceslaus aliyageuzageuza, akaandika ubaoni kwamba jambo hilo linahitaji utafiti zaidi, akawashukuru wote, akapanda gari.

Mstari wa tatu karibu na mlango alikuwa ameketi Raheli Samson, mwanamke wa miaka hamsini na minne. Babu yake alikuja Kilosa kujenga reli, baba yake akabaki kulima, na yeye akaolewa Masanze na kujifunza udongo kwa mama mkwe. Shule aliiacha darasa la saba. Siku ile aliuliza swali moja tu, kama mjomba hawezi kupatikana hapahapa, na alipokuwa akirudi nyumbani alianza kuwaza kuhusu maharage. Maharage makavu yakigoma kuiva, mtu hutia magadi. Kilichoweza kulegeza maharage ya mwaka jana, aliona, si ajabu kikalegeza na mchanga.

Basi akaanza. Binti yake Joyce aliyeolewa Ruhembe alimletea majivu ya makapi ya miwa, gunia zima. Raheli aliponda chupa za soda katika kinu ambacho tangu siku hiyo hakikuruhusiwa tena kuona mahindi. Alichukua udongo wa kichuguu, akachanganya na magadi, akapima kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi. Kila jaribio alilipa namba na kulipanga ukutani nje ya nyumba. Majirani walipafahamu mahali hapo kwa jina la makaburini. Ilimchukua miezi minne kugundua kwamba majivu lazima yachekechwe mara tatu, na mara ya tatu iwe kwa khanga iliyochakaa, kwa kuwa khanga mpya hubakiza ya maana na kupitisha takataka.

Namba arobaini na moja ilitoka tanurini ya kijani, rangi ya jani la muwa linalochipua, laini pote. Raheli akamimina maji ndani ya bakuli hilo, akangoja, akapapasa chini yake. Pakavu. Akanywa yale maji, akakaa kwenye jiwe. Hildegarda alimkuta hapo.

"Nimefurahi mpaka miguu imekwisha nguvu," Raheli alisema.

"Kaa basi," Hildegarda alisema, naye akakaa.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Raheli alikitaka. Wenceslaus alikuwa amewasimulia kwamba kwenye makongamano, mtu aliyevumbua jambo hupewa nusu saa. Hupewa meza ndefu ya kusimama nyuma yake, glasi ya maji na kipaza sauti, na watu wenye kompyuta humsikiliza mpaka mwisho. Raheli hakuwahi kusikilizwa nusu saa nzima na mtu yeyote bila mtu huyo kunyanyuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Aliitaka nusu saa hiyo kuliko alivyowahi kutaka bati. Akaandika hotuba kwenye daftari na kuwasomea kuku kila jioni. Ilianza hivi: Mimi naitwa Raheli Samson, wa Masanze. Nilianza na maharage.

Wenceslaus aliporudi na kuona bakuli, alilishika kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga, na machozi hayo yalikuwa ya kweli. Alipima kila kitu upya kwa mizani yake ya betri, akaandika kanuni yenye herufi na tarakimu ndogo chini, akaomba atengenezewe mabakuli kumi na mawili ya kuonyesha watu. Kikundi kikayapaka kwa siku mbili. Kila mwanamke aliyechovya bakuli alisema, "Hii ya Raheli," akaliweka juani.

Hiyo ni desturi yao. Anayetumia mchanganyiko wa mwenzake humtaja anapoupaka, na humtaja tena anapomwonyesha mtu mwingine. Kuna mchanganyiko wa udongo mwekundu pale Masanze ambao mpaka leo hutajwa kuwa wa Salome, ingawa Salome alifariki zamani na hakuna aliye hai aliyemwona. Hawaelezi sababu, sawa na ambavyo mtu haelezi kwa nini anabisha hodi. Hawakumweleza Wenceslaus pia. Waliona mtu mwenye elimu ile yote hawezi kukosa kulijua hilo.

Wenceslaus alitoa mada yake ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini Kilosa, mbele ya maofisa na walimu hamsini. Kwenye picha ya kwanza glezi iliitwa W-41. Tarakimu ilikuwa ya Raheli na herufi ilikuwa ya Wenceslaus. Alizungumza vizuri, akachekesha kwa habari za baba na mjomba, akasema mabakuli yenyewe yatafunguliwa baada ya chai.

Baada ya chai alifungua boksi na kukuta mabakuli kumi na mawili ya udongo mtupu. Glezi ilikuwa imeondoka wakati wa mapumziko. Mlinzi wa mlangoni alieleza kwamba ilimpita saa tano kasorobo, ya kijani, upana wa mkeka mmoja, ikiwa chini kwa chini. Yeye alikuwa ameagizwa kukagua vinavyoingia, vinavyotoka hakuagizwa. Washiriki wakaandika. Mzee mmoja wa idara ya barabara aliuliza ilikuwa na mwendo wa kiasi gani, mlinzi akasema wa mtu asiye na haraka lakini anayejua anakokwenda.

Ilifika Masanze saa tisa. Raheli alikuwa anafua. Glezi iliingia uani, ikapumzika kidogo kivulini chini ya kamba ya nguo, kisha ikajigawa. Sehemu ikapanda kwenye mtungi wa maji, sehemu kwenye jiwe la kusagia, sehemu kwenye nusu ya hori la mbuzi. Iliyobaki ikajitandaza kwenye kizingiti cha mlango na kukauka.

"Umerudi," Raheli aliiambia, akaendelea kukamua shuka.

Alhamisi Wenceslaus alikuja na boksi lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Pita polepole, kizingiti kinateleza."

Akapita polepole, akapewa kiti, akapewa maji kutoka kwenye mtungi ambao sasa ulikuwa haunuki chochote. Nje, kuku wawili walikuwa wamejipanga mbele ya kizingiti wakijitazama. Hildegarda, aliyekwisha kuteleza hapo mara moja, aliitwa kuja kueleza, akaja kupitia mlango wa nyuma.

"Ulimtaja?" aliuliza.

"Niliishukuru jamii, mama. Nilisema jamii ya Masanze imetoa ushirikiano mkubwa."

"Jamii haikuchekecha majivu."

Hildegarda akamweleza desturi yao, na Wenceslaus akakubali kosa bila ubishi. Alisema anaielewa desturi, na kwamba glezi yenyewe ameielewa vilevile, na akaahidi kurekebisha. Kikundi kikapaka upya mabakuli. Alipotoa mada ya pili, mjini Morogoro, picha ya mwisho ilikuwa na maandishi madogo ya kumshukuru mfinyanzi mmoja wa Masanze.

Glezi ilitulia mpaka chakula cha mchana, kana kwamba inafikiria, halafu ikaondoka. Ilifuata reli ya zamani, ikitembea upande wa kushoto. Wafugaji waliokuwa wakivusha ng'ombe waliipisha, kisha ng'ombe wakapita. Ilichukua siku tatu kwa kuwa mvua ilinyesha njiani, na ilipofika Masanze ilikuwa imechoka na kuchafuka. Safari hii ilipanda juu ya paa. Tangu hapo maji ya mvua yaliporomoka kwenye bati la Raheli kwa kasi hata ndoo zake zikawa zinajaa kabla jirani hajatoa za kwake nje. Majirani walileta ndoo zao hapo na mambo yakaendelea.

Mwezi uliofuata kulikuwa na kongamano kubwa Mikumi, la siku tatu, lenye wageni kutoka nchi tano. Wenceslaus alikuja Masanze mapema akiwa na mratibu wake, Generoza, binti mchangamfu mwenye kompyuta bapa iliyovalishwa ganda la waridi. Generoza alipiga goti kidogo kuamkia, akaketi, akafungua orodha. Raheli alikwenda ndani na kurudi na daftari la hotuba.

"Mama ukiwa mtoa mada," alisema Generoza, "mfumo unataka shahada, taasisi na barua pepe."

Raheli hakuwa navyo.

"Mshiriki wa kawaida anatakiwa taasisi na barua pepe."

Hakuwa navyo.

"Orodha ya waalikwa ilishafungwa tangu mwezi jana." Generoza alikuwa mtu wa kusaidia, na hakupenda kumwacha mama wa watu nje. Aliteremka na kidole mpaka chini kabisa, akatulia. "Kwenye vifaa bado pako wazi. Vifaa vina usafiri, vina mahali pa kulala. Chakula ndiyo hawakuweka, ila nitaongea na jikoni."

"Kwenye vifaa nitasema maneno?"

"Utakaa karibu na meza, mama. Glezi ikikuona itatulia, na wageni wataiona. Tumefikiria sana."

"Ningekutaja mimi," alisema Wenceslaus, na alikuwa na aibu ya kweli usoni, "lakini wakikuta jina ambalo halimo kwenye mfumo, mada nzima inarudishwa."

Raheli aliwaza. Mikumi alipita mara moja tu, juu ya lori la mahindi, akiwa amegeukia upande usio na tembo. Akasema atakwenda. Daftari alilitia kwenye mkoba pamoja na khanga ya pili, maana ratiba huwa zinabadilika. Kikundi kikapaka mabakuli mara ya tatu.

Kwa kuwa kifaa kinachotoka lazima kiandikiwe, Generoza alijaza fomu. Jina la kifaa: Raheli Samson. Idadi: 1. Hali: nzuri. Hildegarda, akiwa mwenyekiti anayekabidhi, aliisoma mara tatu, akakata neno nzuri, akaandika nzuri sana, akatia sahihi.

Safari ilikuwa njema. Raheli alikaa kiti cha mbele, boksi mapajani. Kabla ya mji aliona tembo saba, mmoja mdogo, na nyani waliokaa kandokando ya lami wakitazama magari wakati wa saa za kazi. Hoteli ilikuwa jirani na barabara kuu na malori ya Zambia yalisikika mpaka ukumbini. Kiti chake kiliwekwa kushoto mwa meza, kati ya spika na kapu la nyaya. Fundi mitambo alimuuliza kama anatumia umeme, akasema hapana, fundi akaweka alama kwenye karatasi yake.

Wenceslaus alianza. Picha ya kwanza ilipotokea na W-41 ikasomeka ukutani, glezi ilianza kunyanyuka pembezoni mwa mabakuli kama utando wa maziwa unapovutwa. Raheli akainama. Akasema kwa sauti ndogo, "Raheli Samson." Glezi ikalala.

Katika nusu saa ile alilitaja jina lake mara kumi na moja, na kila alipolitaja glezi ilitulia. Wageni waliosogea mbele walisifu rangi. Mwanamke mmoja kutoka Lusaka aliomba kugusa, akagusa. Halafu mgeni mwenye miwani akauliza majivu yanachekechwa mara ngapi, kwa sababu yeye kwao yamemshinda.

Wenceslaus alitazama karatasi zake. Jambo hilo hakuliandika kamwe, kwa kuwa siku alipopima majivu yalikuwa tayari yamechekechwa.

Raheli akanyoosha mkono.

Generoza alikuja kwa vidole vya miguu, akainama kwa heshima mpaka sikioni pake. "Samahani, mama yangu. Maswali na majibu ni ya walioorodheshwa."

"Nimeorodheshwa."

"Kwenye vifaa, mama."

Raheli akashusha mkono. Iliuma. Iliuma kuliko majaribio arobaini yaliyoharibika, kwa kuwa yale yalikuwa yanamshinda, na hili alikuwa analijua. Pale mbele Wenceslaus alisema jambo la kuchekecha linahitaji utafiti zaidi, watu wakapiga makofi, akapewa cheti ndani ya fremu. Alipopata kipande cha keki alikigawa sawasawa na kumletea nusu yake kitini.

Vifaa havikuwa na tiketi ya chakula, basi Raheli alikwenda kula jikoni. Mpishi mkuu aliitwa Devota. Alikuwa ameona mabakuli yakipitishwa, na jikoni kwake vikombe vilikuwa vimeanza kumenyeka, kwa hiyo alimpakulia Raheli pilau kama ya mkubwa wa kazi na kumuuliza ile rangi inapikwaje.

"Ni habari ndefu," alisema Raheli.

"Wali bado haujakauka. Sema."

Raheli alifuta mikono, akatoa daftari, akasimama kati ya sufuria na beseni la kachumbari. "Mimi naitwa Raheli Samson, wa Masanze," alisema. "Nilianza na maharage." Akaendelea mpaka mwisho. Aliwaambia habari za makaburini, na kinu, na khanga iliyochakaa, na namna moto unavyobadilika sauti glezi inapoanza kuiva. Wapishi wanne walimsikiliza huku wakikatakata. Katikati, mmoja alinyanyuka kwenda kuangalia chungu, akarudi mbio, akasema, "Rudia hapo pa magadi, nilikuwa sipo." Akarudia. Hakuna aliyepiga makofi kwa kuwa mikono yote ilikuwa na vitunguu. Saa ya ukutani ilionyesha amezungumza dakika thelathini na nne, na tembo saba wa njiani hawakumfurahisha kama alivyofurahi wakati huo.

Jumamosi alirudishwa Masanze. Hildegarda alimpokea, akamzungusha kumtazama, akaandika kwenye fomu kwamba kifaa kimerudi kikiwa katika hali ileile. Wenceslaus, mtu wa kutunza karatasi, akaikunja fomu na kuiweka ndani ya boksi chini ya mabakuli.

Wiki mbili baadaye alikuwa na mada ndogo Kilosa, na katika haraka zake akasahau kumwombea Raheli usafiri. Alifungua boksi mbele ya watu akiwa ameshatayarisha maneno ya kuomba radhi. Glezi ilikuwemo. Mabakuli yote kumi na mawili yaling'aa. Aliitoa mada, akafunga ukumbi, akabaki peke yake akichunguza. Aliitoa ile fomu kwenye boksi, glezi ikaanza kunyanyuka. Akairudisha, ikalala. Akarudia mara tano, kwa kuwa jaribio moja si matokeo. Glezi ilitaka jina liwepo. Jina limeandikwa kwenye safu ipi, hilo halikuishughulisha.

Akaipeleka fomu dukani, ikawekwa plastiki.

Tangu hapo glezi imefika Dodoma, imefika Arusha, na mara moja imepanda ndege. Kila Raheli aliposikia kuna kongamano mahali, alifagia uwanja na kuacha lango wazi, akiingojea. Alifagia mara nne. Mara ya tano Wenceslaus alikuja mwenyewe kumweleza, kwa kuwa hakupenda kumficha.

"Kwa hiyo hatutakusumbua tena na safari, mama," alimaliza.

"Hilo jina lenyewe liko wapi?" aliuliza Hildegarda.

"Liko chini kabisa, mama. Lina plastiki, hata maji yakiingia halilowi."

Raheli alitazama lango. "Arusha nilitaka kuiona," alisema. Baadaye akainuka akafunga lango, kwa sababu mbuzi walikuwa wanatoka.

Mwaka huu mafunzo yalirudi ghalani. Wenceslaus alikuwa ameleta wanawake kumi na watano kutoka Lumuma, na sheria ya mafunzo ilitaka wenyeji pia wajiandikishe kama wanafunzi, kwa hiyo Raheli alijiandikisha, akakaa mstari wa tatu karibu na mlango. Ubaoni paliandikwa W-41. Umeme haukukatika. Wenceslaus alieleza baba, mama na mjomba, na kwamba mjomba sasa hatoki Dar es Salaam.

Ulipofika wakati wa vitendo wote walitoka uani kwenye ndoo za kuchovyea. Wanawake wa Masanze walichovya wakisema, "Hii ya Raheli." Wale wa Lumuma waliuliza Raheli ni nani, wakaonyeshwa, wakachovya wakisema hivyohivyo. Wenceslaus naye alishika bakuli kuwaonyesha namna ya kuligeuza lisiache alama ya vidole. "Hii ya Raheli," alisema bila kujua amesema, akaliweka juani. Kisha akarudi ndani kufuta ubao na kuandika W-41 kwa herufi kubwa zaidi, maana wa nyuma walilalamika hawaoni.

Mwishoni ilihitajika mtu mmoja atoe neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi, dakika moja. Wanawake wa Lumuma wakamchagua Raheli. Alisimama. Hakuhitaji daftari.

"Mimi naitwa Raheli Samson, wa Masanze," alisema. "Nilianza na maharage."

Wa Lumuma wakafungua madaftari na kuandika: maharage. Raheli akafika kwenye magadi, akafika kwenye kinu, akafika kwenye majivu na mara ya kwanza ya kuchekecha, na hapo Wenceslaus akatazama saa na kuanza kupiga makofi, kwa upendo kabisa, na wengine wakafuata. Raheli akakaa. Mama mmoja wa Lumuma akamwinamia na kumnong'oneza swali, mara ya pili ni kwa chekecheo gani, na wakakubaliana waongozane mpaka nyumbani.

Vyeti vikagawiwa kwa kuitwa majina. Cha Raheli kilisema amehudhuria na kuhitimu mafunzo ya msingi ya glezi W-41. Kilikuwa kizuri, chenye mpaka wa dhahabu, na jina lake halikukosewa herufi hata moja.

"Hongera sana, mama," alisema Wenceslaus, akimpa kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwalimu," alisema Raheli.

Alikikunja mara moja, akakitia kwenye mkoba, akaondoka na wanawake kumi na watano wa Lumuma nyuma yake, wote wakiwa na madaftari. Walipofika, kuku walikuwa wamejipanga mahali pao. Raheli aliwasogeza kwa mguu.

"Piteni polepole," aliwaambia wageni. "Hapo panateleza."